Mjini–Mtumba: Ruti Iliyochorwa Kabla ya Abiria Wake

Saa 11:30 alfajiri, mwezi wa Julai, Dodoma ina baridi ambayo mgeni kutoka Pwani haamini kwamba ni ya nchi hii. Pale kituo cha daladala cha Sabasaba konda amevuta kofia ya sufu mpaka kwenye nyusi na mikono ameificha kwapani. Sauti tu ndiyo iko nje. "Mtumba, Ihumwa, Mtumba! Nanenane, Mtumba! Siti ya mbele ipo!" Mama mmoja mwenye begi la ofisini na kitenge mabegani anafika mlangoni, anachungulia ndani, anahesabu vichwa.

"Mwanangu, inaondoka saa ngapi?"

"Ikijaa, mama."

Mama anapanda, anavuta kitenge, anasubiri. Swali lile analiuliza kila asubuhi na jibu analijua. Ni salamu tu, kama watu wa huku wanavyoamkiana "mbukwenyi" bila kutarajia habari mpya.

Kutoka katikati ya mji mpaka Mtumba ni kama kilomita 17 kuelekea mashariki, kwenye barabara kuu ya Morogoro na Dar es Salaam. Gari linapita mbele ya Bunge, linafika Nanenane pale Nzuguni, linaingia Ihumwa, kisha linasimama Mtumba, kwenye Mji wa Serikali. Kwa macho ya ofisi, ruti ni mstari kwenye leseni. Kwa anayeipanda kila siku ni taasisi kamili, yenye kanuni, vyeo, lugha yake na mambo inayoyakumbuka. Na taasisi hii ina jambo la ajabu katika kuzaliwa kwake. Mwaka 2026 inatimia miaka 50 tangu Dodoma ichorwe kama mji wa mabasi. Mchoro ulitangulia, abiria wakachelewa zaidi ya miaka 40, na walipofika walimkuta mwenye kuwabeba si yule aliyechorwa.

Nauli ya kwanza ilikuwa hongo

Njia ya mashariki ya Dodoma ni ya zamani kuliko mji wenyewe. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe, Tabora ya leo, ilikuwa haina budi kukatisha Ugogo. Wapagazi walitoka Mpwapwa, wakavuka Marenga Mkali, nyika kavu isiyo na maji ya kunyweka, wakaingia kwa Wagogo wakiwa na kiu. Huko maji yalikuwa na wenyewe. Kila mtemi alidai hongo: vitambaa, shanga, waya wa shaba. Hongo ya wakati huo haikuwa rushwa. Ulikuwa ushuru wa wazi, unaojadiliwa mchana kweupe, pengine kwa siku kadhaa, mpaka msafara uruhusiwe kuchota maji na kusonga. Ukipenda kuanzia mbali, hiyo ndiyo nauli ya kwanza kwenye uwanda huu: mpitaji akimlipa mwenyeji.

Reli ya Kati ndiyo iliyoivunja desturi hiyo. Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907, Dodoma mwaka 1910, na Kigoma mwaka 1914. Ihumwa na Kikombo zikawa majina ya stesheni, lakini treni ilikwenda kwa saa za watu wa mbali. Mwenyeji wa Mtumba aliyetaka chumvi au daktari hakungoja treni. Alitembea, alipanda baiskeli, au alimpakia punda mzigo na kumfuata kwa nyuma. Punda huyo hajastaafu mpaka leo. Utamwona kando ya lami na madumu ya maji ubavuni, akipishana na mashangingi ya wizara.

Enzi za Mwingereza, Dodoma ikawa njia panda. Reli ya mashariki na magharibi ilikutana hapo na barabara ya kutoka Iringa kwenda Arusha, kipande cha ile ndoto ya wakoloni ya kuiunganisha Cape na Cairo. Shirika la Reli nalo likaendesha mabasi ya barabarani kutoka Dodoma kwenda Iringa na kusini zaidi. Lakini basi la enzi hizo lilikuwa la safari, la mtu aliyefunga mzigo na kuaga. Basi la kwenda na kurudi siku hiyohiyo, la mtu aliyevaa nguo za kazi, lilikuwa bado halijafikiriwa hapa.

Mji uliochorwa kwa ajili ya basi

Lilikuja kufikiriwa baada ya mwaka 1973. Mwaka huo chama tawala, TANU, kiliyauliza matawi yake kama makao makuu ya nchi yahame Dar es Salaam. Matawi 1,017 yalikubali, 842 yalikataa. Oktoba uamuzi ukatoka: serikali ihamie Dodoma ndani ya miaka 10. Ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ambayo kila mtu aliiita CDA, na kazi ya kuuchora mji ikapewa kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto, Kanada. Mpango Kabambe ukakamilika mwaka 1976.

Mpango ule una mvuto mpaka leo. Wachoraji walipewa kazi ngumu: kuutafsiri Ujamaa kwa lugha ya barabara na viwanja. Hawakuchora mji wa minara na njia pana za gwaride. Walichora makazi katika jumuiya ndogo ndogo, kila moja na shule yake, soko lake na zahanati yake kwa umbali wa mtu kutembea, na miti na mashamba yakipenya katikati. Jumuiya hizo zilipangwa kama shanga, na uzi wa kuzishika ulikuwa njia ya mabasi. Mtembea kwa miguu alipewa nafasi ya kwanza, baiskeli na basi vikafuata, gari dogo la mtu binafsi likawekwa mwisho. Ofisi za serikali zilipangwa ziwe ndani ya mji, karibu na watu, na baadaye msanifu James Rossant wa New York aliletwa kuchora kitovu cha makao makuu. Mtumba haikuwemo katika hesabu hiyo.

Tafakari maana yake. Nchi ambayo magari ya watu binafsi yalikuwa ya kuhesabika iliamua kwamba hata ikitajirika, mji wake mkuu usiwe mtumwa wa gari. Miji mingi ya dunia ilikuwa wakati huohuo inabomoa nyumba kupisha barabara za magari, na sasa inatumia mabilioni kujirudi. Dodoma ilikuwa na jibu mkononi kabla ya swali kuulizwa.

Kilichokosekana ni fedha na muda. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977. Vita vya Kagera vikafuata mwaka 1978 na 1979, mafuta yakapanda bei, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 nchi nzima ilikuwa kwenye foleni ya sabuni na sukari. Ile miaka 10 ya kuhama ikapita serikali ikiwa bado Dar es Salaam. CDA iliendelea kupima viwanja na kugawa hati, barabara zikafunguliwa, vitongoji vikapewa herufi za alfabeti: Area A, Area C, Area D. Ule uzi wa mabasi ukabaki kwenye karatasi.

Dala moja

Aliyekuja kulibeba jina la usafiri wa mjini alizaliwa Dar es Salaam, na alizaliwa bila kibali. Kampuni ya mabasi ya Dar es Salaam, DMT, ilitaifishwa mwaka 1970, na mwaka 1974 ikagawanywa: UDA ikabaki na usafiri wa jiji, KAMATA ikachukua safari za mikoani. Kwa muda UDA ilisimama vizuri. Wazee wa jiji bado wanayakumbuka mabasi ya Ikarus kutoka Hungaria, marefu, yenye kiungo katikati. Kisha fedha za kigeni zikaadimika, vipuri vikakosekana, na basi likiharibika likaegeshwa ili limpe mwenzake viungo.

Pengo hilo likazibwa na pikapu zilizofungwa mabenchi, abiria wakitazamana goti kwa goti kama wateja kwenye kibanda cha chai. Watu wakaziita chai maharage. Zilikimbizana na polisi mpaka mwaka 1983, serikali ilipokubali yaliyo wazi na kuwaruhusu wenye mabasi binafsi kubeba abiria wa jiji. Nauli ilikuwa shilingi tano, na sarafu ya shilingi tano mitaani iliitwa dala. Konda akanadi "dala, dala!" na lugha ikapata neno. Shilingi tano zimesahaulika, neno limebaki na kuenea nchi nzima.

Dodoma nayo ikazipokea daladala zake. Kwa miaka mingi jina la kituo chao lilikuwa Jamatini, kando ya jamatkhana ya Waismailia katikati ya mji, na mtu aliyesema "nakwenda Jamatini" alimaanisha anakwenda kupanda gari. Ruti ziliota kama mnyaa, bila mchoraji: mwenye gari alikwenda kwenye watu, na watu walijenga kwenye gari. Basi lililochorwa mwaka 1976 lilitakiwa litangulie ili mji ulifuate. Daladala ilisubiri mji ukue, ndipo ikaufuata.

Debe la zabibu

Kuelekea mashariki hakukuwa na haraka. Lami ya Morogoro mpaka Dodoma, iliyojengwa kwa mkopo wa Brazil, iliifanya Dar es Salaam iwe safari ya siku moja, na mabasi ya mikoani yakapita Ihumwa na Mtumba kwa kasi. Mwenyeji alijua kuyasimamisha kwa mkono, na alijua pia kwamba mara nyingi hayasimami. Gari lake halisi lilikuwa lile dogo, lililoondoka kijijini asubuhi likielekea mjini.

Asubuhi hiyo ya kijijini ina harufu yake. Debe la zabibu limefunikwa majani ili jua lisizikaushe, kuku wamefungwa miguu chini ya siti, gunia la mkaa liko juu ya keria, na ndoo ya maziwa anaipakata mwenyewe kwa sababu hamwamini mtu. Dodoma ni nchi ya zabibu, nayo ina misimu miwili ya mavuno kwa mwaka. Msimu ukifika gari zima linanuka utamu. Mizigo inajadiliwa mlangoni. "Mama, hilo debe lina nauli yake." "Debe langu nalipakata, mwanangu, halijakaa kwenye siti yako." Jioni gari lilirudi na sukari, mafuta ya taa, daftari za watoto na dawa.

Ndivyo ruti ilivyokuwa kwa kizazi kizima: asubuhi kijiji kinakwenda mjini, jioni kijiji kinarudi. Bunge lilipoanza kukutana Dodoma moja kwa moja mwaka 1996, msisimko uliishia katikati ya mji. Chuo Kikuu cha Dodoma kilipoanzishwa mwaka 2007, magari mengi yaliuvamia mlima wa chuo kwa sababu wanafunzi wapo asubuhi, mchana na jioni. Mashariki iliendelea na debe lake.

Ruti inageuka uso

Tarehe 25 Julai 2016, Siku ya Mashujaa, Rais John Magufuli alisimama Dodoma na kutangaza kwamba serikali inahamia huko katika kipindi chake. Wengi walicheka, walikwisha kuisikia ahadi hiyo tangu mwaka 1973. Septemba ya mwaka huohuo Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akahama. Makamu wa Rais Samia Suluhu Hassan akafuata mwishoni mwa mwaka 2017. CDA ilivunjwa Mei 2017 na kazi zake zikahamishiwa manispaa, na tarehe 26 Aprili 2018 manispaa ikapandishwa kuwa jiji. Wizara zilizowahi kuhama zilijibanza kwenye majengo ya chuo kikuu, waziri akipishana na wanafunzi kwenye ngazi.

Ndipo likaja eneo la mashariki. Mwanzoni watu walisema "Mji wa Serikali Ihumwa", baadaye jina likatulia: Mtumba. Wageni walitania, kwa sababu kwa Mswahili wa kawaida mtumba ni nguo iliyovaliwa ng'ambo. Kila wizara ilipewa shilingi bilioni 1 kujenga ofisi ya kuanzia. Kazi ilikwenda mchana na usiku, na tarehe 13 Aprili 2019 Rais akauzindua mji huo. Baada ya kifo chake mwaka 2021 ukapewa jina la Magufuli, na awamu ya pili ya ujenzi, ya maghorofa, ikaanza.

Kwa wanahistoria wa siasa, habari iko hapo. Kwa wapanda daladala, iko kwenye jambo dogo ambalo hotuba hazikulitaja: ruti iligeuka uso. Kwa mara ya kwanza, asubuhi mji ulikuwa unakwenda Mtumba. Makarani, wahasibu, wahudumu wa usafi, walinzi, mafundi na wenye mashauri ya ardhi na pensheni, wote walisimama upande uleule wa barabara wakielekea jua linapochomoza. Mama wa kijijini mwenye debe, ambaye siku zote aligombea siti ya kwenda mjini, sasa alipata gari lililokuwa linarudi tupu, na konda akimbembeleza apande.

Siku za mwanzo zilikuwa za tabu. Ofisi zilifunguliwa kabla ya vibanda vya chakula, kabla ya vivuli, kabla ya magari ya kutosha. Mimi mwenyewe nilifika huko mwaka wa kwanza kufuatilia barua yangu katika ofisi moja. Barua haikuonekana, nikaambiwa nirudi wiki ijayo. Nikatoka saa 8 mchana nikasimama barabarani. Upepo wa Dodoma ulikuwa unainua vumbi jekundu na kulimwaga usoni kama mtu anayepepeta mtama. Gari la kwanza la kuelekea mjini lilitokea baada ya saa nzima na dakika zake, na konda aliponiona nilivyobadilika rangi alicheka: "Mzee, umekuwa Mgogo rasmi." Nilimlipa nauli na vumbi nikamwachia kwenye siti.

Hesabu ya gari moja

Ili kuelewa kwa nini gari halikuwepo saa 8 mchana, lazima uingie kwenye hesabu za daladala, maana hapo ndipo moyo wa taasisi ulipo. Gari lina tajiri, ambaye mara nyingi hapandi. Suka, yaani dereva, na konda wanamletea hesabu ya siku, kiasi walichokubaliana, iwe mvua au jua. Mafuta ni juu yao, faini ya trafiki ni juu yao, kinachobaki ndiyo riziki. Suka akichoka au akiumwa, anamwachia deiwaka, ambaye naye ana mgao wake. Mshahara wa mwezi ni jambo la nadra. Kwa hiyo kila kiti kitupu kinatoka mfukoni mwa vijana wawili wala si wa kampuni.

Ruti nyingi za jiji zina abiria wa pande zote mbili. Mtumba ina mawimbi kama ya bahari. Saa 12 mpaka saa 2 asubuhi gari linakwenda limeshona na kurudi na watu watatu. Saa 9 na nusu alasiri mpaka saa 12 jioni mambo yanapinduka. Katikati hapo barabara iko kimya, na anayekwenda mchana kufuatilia faili lake anabahatisha. Juu ya hayo, wizara nyingi zina mabasi yao ya watumishi, na wenye magari madogo wanapeana lifti. Daladala inabaki na wale ambao hakuna aliyewapangia usafiri: mhudumu wa usafi, mlinzi wa zamu, mama ntilie, kibarua wa zege, raia mwenye bahasha ya kaki mkononi.

Hesabu hizo ndizo zinazozaa ugomvi wa kila siku wa kukatisha ruti. Leseni inasema Mtumba, lakini gari likifika Nanenane limebaki na abiria wanne na suka anaona bora ageuze. "Tunaishia hapa jamani, wa Mtumba kuna gari nyuma." Abiria wanajibu kwa pamoja: nauli tumelipa ya Mtumba! Kuna anayetishia kupiga simu LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, kuna anayeshika kioo, kuna bibi anayekaa kimya akikumbatia mkoba wake kwa sababu anajua mwisho wake atashuka tu. Wakati mwingine konda anarudisha sehemu ya nauli, wakati mwingine anawafaulisha kwenye gari la mwenzake. Kwa kanuni ni kosa. Kwa hesabu ya vijana wawili ni lita mbili za mafuta.

Msimamizi wa kanuni naye amebadilika majina. SUMATRA iliundwa kwa sheria ya mwaka 2001 kusimamia usafiri wa majini na nchi kavu. Mwaka 2019, mwaka uleule wa Mtumba kuzinduliwa, upande wa nchi kavu ukawa LATRA. Yenyewe ndiyo inayotoa leseni za ruti, inayotaka jina la ruti liandikwe kwenye gari, na inayopanga nauli kwa umbali. Desemba 2023 nauli ya daladala kwa safari isiyozidi kilomita 10 ilipanda kutoka shilingi 500 hadi 600, na za mbali zikapanda kwa ngazi zake. Kwa mtu wa Area C anayekwenda sokoni hiyo ni sarafu moja zaidi. Kwa mhudumu wa usafi anayekwenda Mtumba na kurudi siku 26 za mwezi, kila shilingi 100 iliyoongezeka ni shilingi 5,200. Hiyo ni unga.

Majirani wapya wa barabara

Tangu hapo ruti imepata majirani. Ujenzi wa reli ya kisasa uliihamisha stendi ya mabasi ya mikoani kutoka katikati ya mji, na Halmashauri ya Jiji ikajenga kituo kikuu kipya Nanenane, na soko kubwa lililopewa jina la Job Ndugai likawa jirani. Hapo ruti ya Mtumba ikapata kile ambacho kila ruti inaomba: abiria wa katikati ya safari. Wanaoshuka kutoka Singida au Dar es Salaam wanaingia, wanaokwenda sokoni wanatoka, siti moja inauzwa mara mbili katika tripu moja. Makonda wanaijua thamani ya hilo, ndiyo maana hata anayeelekea Mtumba anaita "Nanenane" kwanza.

Treni ya umeme ilianza safari za Dar es Salaam na Dodoma Julai 2024, na Agosti 1 ikazinduliwa rasmi. Safari iliyochukua siku nzima kwa basi ikawa ya saa tatu na ushee. Mtu sasa anaweza kutoka Pwani alfajiri, akasaini hati yake wizarani, akarudi kulala kwake, isipokuwa kwamba kilomita 17 za mwisho bado zinamtegemea konda na jibu lake la "ikijaa".

Na kuna barabara ya mzunguko ya nje, kilomita 112.3 za njia nne, ambayo Rais Samia aliiwekea jiwe la msingi Februari 2022. Inatoka Nala, inapita Veyula, inafika Mtumba, inashuka Ihumwa kwenye bandari kavu, inazunguka Matumbulu na kurudi Nala. Kwa malori ni neema. Kwa ruti ni swali: Mtumba iliyokuwa mwisho wa njia inaweza kuwa njia panda, na ruti za kuzunguka bila kuingia mjini zikaota kama zile za Jamatini zilivyoota.

Abiria wapo wa kutosha. Sensa ya mwaka 2012 iliikuta Dodoma Mjini na watu 410,956. Ile ya mwaka 2022 iliwakuta 765,179. Viwanja vimepimwa mpaka Vikonje na zaidi, na mashamba ya mtama yamepigwa vigingi. Msemo wa mgeni njoo mwenyeji apone unajaribiwa hapa kila siku: kuna aliyeuza shamba akanunua bodaboda, kuna aliyeuza akabaki kulitazama likijengwa. Mama wa debe, au binti yake, haendi tena mjini kila asubuhi. Anapika chapati na supu kando ya lango la wizara, na wateja wanamfuata kwa gari lilelile.

Hapo ndipo mchoro wa mwaka 1976 unaporudi mezani. Ulitaka ofisi iwe karibu na nyumba, na basi liwe uzi wa mji. La kwanza tumeliacha tulipoweka wizara kilomita 17 nje. Kwa kuliacha hilo, la pili limekuwa la lazima zaidi kuliko Wakanada walivyowaza: mji wenye ofisi mbali unahitaji basi la uhakika kuliko mji wenye ofisi jirani. Ruti ya Mtumba imeifanya kazi hiyo bila njia yake pekee, bila kibanda cha kivuli kwenye vituo vingi, bila ratiba ukutani. Ikiwa jubilei ni kumpa mtu haki yake baada ya miaka 50, basi haki ya ruti hii ni ndogo na ya bei nafuu: kivuli, na karatasi yenye saa. Tajiri ahakikishiwe kwamba tripu ya saa 8 mchana haitamfilisi, nayo itaondoka.

Nilirudi Mtumba hivi karibuni, safari hii bila barua. Saa 12:40 jioni magari ya wizara yalikuwa yamekwisha kuondoka na lami imetulia. Kosta moja ilikuwa imesimama, taa za ndani zikiwaka, watu kama tisa wametawanyika kwenye siti. Nikapanda nikamuuliza konda kwa mazoea, inaondoka saa ngapi.

"Saa 1 kasorobo, mzee."

Nilidhani nimesikia vibaya. Gari lilikuwa nusu tupu na jua limezama. Nikamwambia kwamba siku hizi zote nimezoea kuambiwa ikijaa.

"Hii ni ya mwisho," akasema, akiwa ametazama lango la ng'ambo. "Kuna mama wawili wa usafi wanatoka saa 12 na nusu, wanaweka ndoo, wanabadilisha nguo. Nikiwaacha watalala wapi?"

Tukasubiri. Hakuna abiria aliyelalamika. Wakatokea wawili, mmoja akikimbia na viatu mkononi, na konda akagonga bati mara mbili hata kabla hawajakaa.